Watoto wa Perege katika Ziwa Nyasa

Wasomaji wetu wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi huona mara nyingi vitoto vya samaki vikienda makundi makundi katika maji haba ya ufukoni. Watu wengine hudhani kuwa hao ni samaki wadogo kwa maumbile, na kwamba kuwavua si hasara. Sivyo. Baadhi yao ni watoto wa perege, ambaye ng'ambo ya Malawi huitwa chambo.

Yafaa tujue jinsi wazaliwavyo. Dume hugeuka rangi, akatengeneza kiota mchangani. Jike hutaga mayai humo, kisha huyachukua kinywani mwake, akayaatamia humo mpaka yaanguliwe. Siku zile zote hali ila kidogo sana. Kwa kuwa kinywa hakina nafasi kubwa, mayai yake ni mamia tu, wala si maelfu mengi kama ya samaki wanaoyatupa majini na kwenda zao.

Vitoto vikipata nguvu hutolewa kwenda kula. Adui akitokea, hurudi mbio kinywani mwa mama. Baadaye huachwa, navyo hukimbilia ufukoni penye maji ya vuguvugu, mahali ambapo samaki wakubwa hawafiki kwa urahisi. Rangi yao ni ya fedha, yenye mistari myeusi ya kushuka ubavuni, na doa jeusi katika pezi la mgongoni. Hawafanani na baba yao hata kidogo.

Mbona huenda kwa makundi? Macho mengi humwona adui upesi; tena adui akiona wengi wanaofanana hutatizika, asijue amkamate yupi. Lakini hila hiyo haifai kitu mbele ya wavu. Kokoro au chandarua kikivutwa ufukoni, kundi zima hutwaliwa mara moja, na taabu yote ya mama imepotea.

Tuangalie Ziwa Malombe, huko Malawi. Watu walivua kwa nyavu za macho madogo, na ilipofika miaka ya 1990 chambo walikuwa wamepungua mno.

Basi twawasihi wazee na viongozi wa vijiji wakataze nyavu hizo pwani zao, na walimu wawaonyeshe watoto wa shule makundi hayo, wapate kuyatambua. Avuaye kitoto leo hujinyima kitoweo cha kesho.