Mlevi kwa Mlevi: Kuacha Pombe kwa Kusaidiana

Kama asubuhi mikono haitulii mpaka uzimue, na umeshaapa mara nyingi kwamba ya jana ndiyo ya mwisho, kijitabu hiki ni chako. Ni chako pia kama anayeishi hivyo ni mumeo, mama yako au mwanao. Ulevi uliofika hapo ni maradhi. Ndiyo maana viapo, matusi na kuaibishwa mbele ya majirani havijamponya mtu.

Usikate ghafla ukiwa peke yako

Anayekunywa sana kila siku akiacha kwa mkupuo huweza kutetemeka, kutokwa na jasho na kukosa usingizi. Wengine hupata mishtuko kama ya kifafa, au huona vitu visivyokuwepo. Hatari ni kubwa zaidi katika siku 3 za mwanzo, na watu hufa. Nenda kwanza kituo cha afya. Mweleze daktari ukweli, hata kama unachokunywa ni gongo au chang'aa: glasi ngapi kwa siku, na unaanza saa ngapi. Zipo dawa za kukuvusha. Kikundi cha kusaidiana, tunachokieleza hapa chini, hakichukui nafasi ya daktari.

Ilivyoanza

Mei 1935, dalali wa hisa wa New York aitwaye Bill Wilson alikuwa Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Biashara iliyompeleka huko ilikuwa imevunjika, na pale ukumbini mwa hoteli alikuwa akisikia kelele za baa. Alikuwa na miezi 5 tu bila pombe. Akaenda kwenye simu badala ya baa, akawapigia viongozi wa makanisa kutafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Hatimaye alikutanishwa na Dkt. Bob Smith, daktari wa upasuaji ambaye pombe ilikuwa inammaliza. Smith alikubali kumpa robo saa. Wakakaa kwa saa kadhaa. Mgeni yule hakumhubiria, alimsimulia yaliyompata yeye. Smith alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, siku inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, au AA, yaani walevi wasiotajwa majina.

Kuna jambo katika kisa hiki ambalo wengi hulipita haraka. Kabla ya Akron, Wilson alihangaika miezi ile yote kuwaokoa walevi wengine, asifanikiwe hata kwa mmoja. Lakini yeye mwenyewe hakuonja tone, na aliyemfumbua macho kuhusu hilo ni mkewe, Lois. Kwa maoni yetu nguvu ya kikundi iko hapo: aliyekuja jana anamhitaji aliyetangulia, na aliyetangulia anamhitaji wa jana vilevile.

Mkutanoni

Utakuta viti vimepangwa, pengine na chupa ya chai mezani. Anayependa hutaja jina lake la kwanza, husema yeye ni mlevi, kisha husimulia. Hakatizwi. Ukitaka kukaa kimya, kaa. Neno mlevi mle ndani si tusi. Na nyumbani nako lisiwe tusi. Hakuna kiingilio wala ada, anayeweza huchangia. Sharti la kujiunga ni moja, nalo ni kutaka kuacha kunywa. Yanayosemwa mle hubaki mle.

Wengi huwa na mdhamini, mtu aliyetangulia, wa kumpigia simu kabla ya kuinua glasi. Mwisho wa mwezi, mshahara umeingia, marafiki wanakuita kijiweni: hiyo ndiyo saa ya kumpigia, si kesho yake.

Zipo Hatua 12, zilizochapishwa mwaka 1939: kukiri umeshindwa, kujikagua, kuwarudia uliowaumiza. Zinamtaja Mungu, ila kila mtu humwelewa kwa imani yake, na Mwislamu na Mkristo hukaa pamoja. Mkutano ukifanyika katika chumba cha kanisa, hicho ni chumba tu.

Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wa tiba, yaliyokusanya tafiti 27, yalionyesha kwamba tiba zenye utaratibu maalumu wa kumwelekeza mgonjwa AA ziliwasaidia watu wengi zaidi kuacha kabisa kuliko tiba nyingine zilizolinganishwa nazo. Hata hivyo wapo wanaoanguka. Ukianguka, rudi kwenye mkutano unaofuata, utapokelewa.

Kwa jamaa

Usimlipie deni la kilabuni. Usimpigie mwajiri wake simu kusema ana malaria. Unadhani unamfichia aibu, kumbe unayaficha maradhi. Nanyi mnahitaji wenzenu: Lois Wilson alishiriki kuanzisha Al-Anon, vikundi vya jamaa za walevi, mwaka 1951.

Mikutano ya AA ipo Kenya na Tanzania, na mingine hufanyika mtandaoni. Ukiwa Kenya, piga bure 1192, namba ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Kwingineko, uliza kliniki ya afya ya akili katika hospitali iliyo karibu nawe. Ukishajua mahali na saa, fika mapema kidogo, na mwambie wa kwanza utakayemkuta kwamba ni mara yako ya kwanza.