Mkoromo wa Mtoto Si Usingizi Mnono

Juni na Julai, baridi ya Lubumbashi inapopenya hadi chini ya blanketi, mbabula huingizwa ndani na madirisha hufungwa. Ndiyo miezi ambayo akina mama wa Katuba na Ruashi huniletea watoto wanaokoroma kuliko baba zao. Maswali yao hayatofautiani sana.

Daktari, si husemwa anayekoroma amelala vizuri?

Husemwa, na ndiyo maana tunachelewa. Mtoto akikoroma kwa sababu ya mafua, hakuna neno. Akikoroma siku tatu au zaidi kila wiki, Mama, msogelee na tochi. Kichwa kimerudi nyuma, mdomo u wazi, fulana imelowa jasho, na kila akivuta pumzi ngozi ya chini ya mbavu inabonyea. Kisha kimya. Kifua kinahangaika, hewa haipiti. Halafu anashtuka, anahema kama aliyeibuka majini, anageuka na kulala tena. Kwa mtu mzima, pumzi kukatika chini ya mara 5 kwa saa hakutushtui. Kwa mtoto, ikizidi mara 1 tu, tunauita ugonjwa.

Ni nini kinachoziba?

Mara nyingi ni mafindofindo na nyama za nyuma ya pua, ambazo kati ya miaka 2 na 8 huwa kubwa kuliko nafasi ya koo. Moshi wa makala na vumbi la kiangazi huzichokoza, na unene huongeza tabu. Kimeo hakina hatia: kukikata kwa mganga huleta kutokwa na damu, hata pepopunda, na njia inabaki vilevile.

Nimesikia mwili wa mtoto anayekoroma unawaka ndani. Kivipi, na homa hana?

Ni mchochota wa chinichini, kama makala yaliyofunikwa na majivu. Kila pumzi inapokatika oksijeni hushuka, inaporudi hupanda ghafla. Huko kushuka na kupanda, usiku baada ya usiku, huumiza kuta za mishipa ya damu, na chembe za kinga huanza kumwaga kemikali zake kana kwamba adui ameingia. Ini nalo hutoa protini iitwayo CRP. Watoto wengi wenye tatizo hili huwa nayo juu, na mara nyingi hushuka baada ya upasuaji wa kuondoa mafindofindo. Hata hivyo usikimbilie maabara kuiomba: hapa kwetu malaria peke yake hutosha kuipandisha. Tunachohofia ni presha kupanda mapema, mishipa kukakamaa, na upande wa kulia wa moyo kuchoka. Wengine hawakui vizuri, wengine hurudia kukojoa kitandani.

Na shuleni?

Mwaka 1998 David Gozal, Marekani, aliwachunguza watoto 297 wa darasa la kwanza waliokuwa mkiani. Karibu 18 kati ya kila 100 walikuwa na shida ya pumzi usingizini, na waliofanyiwa upasuaji alama zao zilipanda. Lakini mimi si mpenzi wa kisu kwa kila mkoromo. Katika utafiti mwingine wa huko, uliochapishwa 2013 kwa watoto 464, upasuaji uliboresha usingizi na tabia, ila majaribio ya umakini hayakuonyesha tofauti kubwa. Na kati ya waliosubiri tu, 46 katika kila 100 vipimo vyao vya usingizi vilirudi sawa ndani ya miezi 7.

Wangu ni SS, ana selimundu.

Huyo usimsubirishe. Oksijeni ikishuka, chembe nyekundu zake hujikunja, na maumivu huanza. Akihitaji upasuaji, aandaliwe kwa maji na pengine damu. Na mtoto yeyote wa chini ya miaka 18 asipewe dawa ya maumivu iitwayo kodeini baada ya kukatwa mafindofindo: miili ya baadhi huigeuza kuwa mofini haraka mno, pumzi ikasimama.

Nije na nini?

Kipimo cha usiku kucha chenye nyaya mwilini hakipatikani kila hospitali, kwa hiyo njoo na simu. Mvue fulana, washa taa, inua chandarua, rekodi dakika chache. Kimya kikiingia usizime. Nataka kusikia pumzi inavyorudi.