Hija ya Namugongo Huanzia Bogoria

Mara ya kwanza nilipopewa kazi ya kupanga hija ya parokia yetu kwenda Namugongo, Uganda, niliipanga kama mtu anayepanga harusi: basi, sufuria, michango, tarehe. Madaraka ni tarehe 1 Juni, Sikukuu ya Mashahidi ni tarehe 3, kwa hiyo ruhusa kazini haikuwa shida. Tulifika usiku wa tarehe 2, tukalala nje juu ya mikeka, na kulipokucha tukaona migongo ya watu. Misa tuliisikia kwa vipaza sauti. Tukarudi na jerikeni za maji na picha za umati. Karibu na Burnt Forest, shosho mmoja wa Bahati akaniuliza, "Sasa mwanangu, hao mashahidi hasa walikosa nini?"

Sikuwa na jibu la maana.

Tangu hapo nimeongoza vikundi viwili zaidi, na wiki mbili kabla ya safari huwa nawapeleka wote Ziwa Bogoria kwanza. Ni safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo kutoka Nakuru. Wenzangu hudhani tunaenda kuchemsha mayai kwenye chemchemi. Mayai tunachemsha, ndiyo, lakini zamani ramani za Wazungu ziliandika hapo Ziwa Hannington, na jina hilo ndilo mlango wa hadithi yote.

James Hannington alikuwa askofu wa Kianglikana. Julai 1885 alitoka Rabai, pwani, akakatiza Bonde la Ufa akitafuta njia fupi ya Buganda. Wamisionari waliomtangulia walizunguka kusini mwa Ziwa Victoria. Yeye akapita kwetu ili aingie kwa upande wa mashariki. Kumbe Buganda waliamini kwamba atakayeimeza nchi yao atatokea mashariki, na Kabaka Mwanga II, kijana ambaye hata miaka 20 hajafika, alikuwa na habari za Wajerumani kunyakua ardhi huku pwani. Hannington aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885 pamoja na wengi wa wapagazi wake. (Kila nikisimulia hapa huwa natulia kidogo kwa ajili ya hao wapagazi. Ziwa halikupewa jina la hata mmoja wao.)

Joseph Mukasa Balikuddembe, mtumishi mkubwa wa ikulu, akamkemea kabaka kwa kumwua mgeni bila kumsikiliza. Naye akauawa tarehe 15 Novemba. Huyo alikuwa Mkatoliki, na mgeni aliyemtetea alikuwa askofu wa Kianglikana. Nilipolielewa hilo nilikwenda kwa kina mama wa Kianglikana wa mtaani kwetu, nikawaambia kuna viti kumi kwenye basi letu.

Sasa mambo ya safari yenyewe. Kumbuka kadi mbili za manjano. Ya kwanza ni ya watu: chanjo ya homa ya manjano, ambayo huchomwa angalau siku 10 kabla ya kuvuka na hutosha maisha yote. Ya pili ni ya gari: bima ya COMESA, nayo huitwa kadi ya njano. Safari ya pili nilikagua kadi za watu 33, moja moja, nikasahau kumwuliza mwenye basi kuhusu yake. Hakuwa nayo. Tulikaa mpakani Malaba kuanzia saa sita usiku hadi saa tatu asubuhi, katikati ya malori, tukisali rozari ambayo sitasema ilikuwa na upole. Siku hizi naomba kuiona kadi hiyo kwa macho yangu kabla ya kulipa hata shilingi. Mkenya mtu mzima huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Kwa watoto, ulizeni ofisi ya uhamiaji mapema.

Ukitoka Malaba usikimbilie Kampala. Baada ya Iganga kata kushoto uende Mayuge, kwenye kilima cha Kyando, alikouawa Hannington. Walioona Bogoria hapo hunyamaza wenyewe, bila kuambiwa. Chakula msipike; kuna Namawojjolo mbele, kuku na ndizi za kuchoma zinaletwa hadi dirishani.

Kesho yake tunaanza Munyonyo, kwa sababu ndiko mashahidi walikohukumiwa. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886 mmoja wao, Charles Lwanga, aliwabatiza hapo vijana wenzake, akiwemo Kizito, mdogo wao wote. Baadaye wakatembezwa hadi Namugongo. Kule basilika ina nguzo 22 kwa idadi ya watakatifu Wakatoliki waliotangazwa na Papa Paulo VI mwaka 1964, na altare ipo mahali Lwanga alipochomwa tarehe 3 Juni. Vikundi vingi hugeuza basi hapo. Msigeuze. Barabara hiyo hiyo inakupeleka Nakiyanja, eneo la Waanglikana, ambako wengi wa wenzake waliteketezwa pamoja, Wakatoliki na Waanglikana katika moto mmoja. Mwongozaji wa Nakiyanja ndiye aliyemjibu shosho wa Bahati swali lake, kwa Kiswahili kizuri kuliko changu. Na ndiyo, kwenda mwezi mwingine usio Juni kunaruhusiwa. Wenyeji watakuwa na muda na ninyi.

Siku ya mwisho, Kasubi. Hapa watu hubishana. Mzee mmoja wa Njoro alikataa kushuka: kaburi la Mwanga tukafanye nini? Nikamwachia uamuzi wake. Nyumba kubwa ya nyasi iliteketea Machi 2010, ikajengwa upya. Kina mama wabebe leso za kujifunga juu ya suruali. Tulielezwa kwamba Mwanga naye alinyang'anywa ufalme na Waingereza, akapelekwa Ushelisheli, akafia huko mwaka 1903, na mabaki yake yakarudishwa mwaka 1910. Shosho akauliza kama alibatizwa. Akaambiwa ndiyo, jina lake Danieri.

Novemba iliyofuata, wakati wa kukusanya bahasha za kuombea marehemu, mweka hazina aliniita nione ya shosho. Mumewe, kaka zake wawili, mjukuu mmoja. Mstari wa mwisho: Danieri, wa Kasubi.