Muda wa Kudai Mzigo Usiofika

Katika somo la Biashara twafundishwa ankara, risiti na hati ya kupokelea mzigo. Lakini liko jambo moja ambalo ni haba katika daftari zetu, nalo lawagusa watu wengi wa Kilosa na Mikumi siku hizi. Mtu akinunua kitu kwa njia ya mtandao, akalipa, na mzigo usifike, ana siku ngapi za kudai fedha zake? Nimejaribu kulichunguza swali hili, na napenda kuwaeleza ndugu zangu wanafunzi niliyoyapata.

Katika soko la kawaida mnunuzi hutoa fedha kwa mkono mmoja na kupokea bidhaa kwa mkono wa pili. Katika soko la mtandaoni mnunuzi hulipa leo, na mzigo huja baadaye kutoka mbali. Kwa sababu hiyo mwenye soko husimama katikati, akaahidi kwamba mzigo usipofika atamrudishia mnunuzi fedha zake. Lakini ahadi hiyo haidumu milele, bali ina muda wake. Yapasa mnunuzi ajue mambo mawili: kwanza, idadi ya siku; pili, siku ambayo hesabu huanza. Watu wengi hulijua la kwanza na kulisahau la pili.

Tuchukue mifano. Katika soko la eBay mnunuzi hupewa siku 30 tangu siku ya mwisho ambayo mzigo ulitazamiwa kufika. Kwanza humwandikia muuzaji kwa njia ya soko lenyewe. Zikipita siku 3 za kazi bila jambo kutengenea, aweza kumwomba mwenye soko aingilie kati. Soko la Amazon, kwa bidhaa za wauzaji wengine walio ndani yake, hutoa siku 90 tangu siku hiyo ya mwisho iliyotazamiwa. PayPal, ambayo kazi yake ni kupitisha malipo, huhesabu kwa namna nyingine kabisa: siku 180 tangu siku ya kulipa. Zamani ilikuwa siku 45 tu, ikaongezwa mwezi wa Novemba 2014.

Sasa tufanye hesabu. Mnunuzi amelipa tarehe 3 Machi, akaambiwa mzigo utafika kati ya tarehe 20 na 31 Machi. Siku 30 tangu tarehe 31 Machi huishia tarehe 30 Aprili. Siku 90 huishia tarehe 29 Juni. Siku 180 tangu malipo ya tarehe 3 Machi huishia tarehe 30 Agosti. Mzigo ni ule ule na malipo ni yale yale, lakini milango ni mitatu, na kila mlango wafungwa siku yake.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini kuweka mwisho? Je, si dhuluma kwa mnunuzi? Nami naona si dhuluma. Muuzaji naye ni mtu mwenye haki. Hawezi kukaa mwaka mzima asijue kama fedha alizopokea ni zake au si zake. Tena ushahidi huchakaa: risiti hupotea, na karani wa mizigo husahau alimkabidhi nani. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Muda uliowekwa humlinda mnunuzi mwenye haraka ya kudai, na humlinda muuzaji mwaminifu asije akadaiwa baada ya ushahidi wake kupotea.

Basi turudi kwetu. Mikumi iko kando ya barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na Zambia, na mabasi hupita usiku na mchana. Kilosa haiko juu ya barabara hiyo. Mzigo uliopakiwa Kariakoo katika basi la Mbeya waweza kuteremshwa Mikumi asubuhi, kisha ukalala hapo ukingoja gari la kuupeleka Kilosa. Wakati wa masika safari huwa ngumu zaidi. Tukumbuke mafuriko ya mwaka 2010, yaliyoharibu hata reli ya kati katika wilaya yetu. Mwenye soko aliye ng'ambo hayajui hayo. Yeye hutazama kalenda yake tu, na mvua ya Kilosa haisimamishi hesabu ya siku zake.

Shangazi yangu wa Mikumi ni mshonaji wa nguo. Aliagiza mota ya cherehani katika soko moja la mtandaoni. Siku ya kufika ikapita. Akamwuliza muuzaji, akajibiwa kwa maneno matamu, "Subiri kidogo mama, mzigo uko njiani." Akasubiri. Akauliza tena, akajibiwa vile vile. Alipochoka na kutaka kufungua dai kwa mwenye soko, muda ulikuwa umekwisha kwa siku 6. Mota haikufika, wala fedha hazikurudi, na kazi ya sare za watoto aliyokuwa ameitegemea ikaenda kwa mshonaji mwingine. Hapa ndipo penye somo: kumsubiri muuzaji ni uungwana, lakini kusubiri hakusogezi tarehe ya mwisho. Mtu aweza kufungua dai huku akiendelea kusubiri, na mzigo ukifika akalifunga.

Je, sheria ya nchi yetu yasemaje? Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 yamtaka muuzaji atimize agizo katika siku 30 tangu alipolipokea, isipokuwa kama wawili hao wamepatana vingine. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, huruhusu shauri la mkataba kufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 6. Kwa hiyo mlango wa soko ukifungwa, haki yenyewe haijafa. Lakini njia nyepesi imekwisha, na iliyobaki ni ndefu. Ni nani atakayemfuata mahakamani muuzaji aliye nchi ya mbali kwa ajili ya mota moja?

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, nayo ina jambo la kuangaliwa. Muuzaji anaporuhusiwa kutuma bidhaa kwa mchukuzi, kumkabidhi mchukuzi huyo huhesabiwa kwanza kuwa ni kumkabidhi mnunuzi, pasipo na mapatano mengine. Maana yake, muuzaji wa Kariakoo aweza kusema kazi yake iliisha alipokabidhi mzigo kwenye basi. Kwa hiyo ni vizuri kuandikiana mapema kwamba mzigo utakuwa umefika utakapopokewa Kilosa.

Wako pia wanaonunua kwa picha walizoziona katika simu, wakampelekea muuzaji fedha moja kwa moja kwa namba yake. Hapo hakuna mwenye soko aliyesimama katikati, wala hakuna siku 30 wala 180. Iliyobaki ni sheria na uaminifu wa mtu. Anayenunua hivyo afadhali alipe baada ya kuuona mzigo, ikiwezekana.

Sisi wanafunzi wa bweni tuna hatari yetu wenyewe. Mwanafunzi huagiza vitabu vya marudio wakati wa likizo, kisha shule hufunguliwa, naye huacha simu nyumbani kama kanuni zinavyotaka. Siku zaendelea kuhesabiwa hali yeye yumo darasani. Atakaporudi likizo ijayo, mlango umekwisha kufungwa. Dawa yake ni hii:

1. Siku ya kulipa, andika katika daftari tarehe ya malipo, tarehe ya mwisho ya kufika mzigo, na tarehe ya mwisho ya kudai.
2. Tunza risiti na maneno yote mliyoandikiana na muuzaji, tena yaandikwe ndani ya soko lenyewe.
3. Mkabidhi mzazi au ndugu aliye nyumbani tarehe hizo, naye akubali kuzifuatia.
4. Fungua dai kabla ya siku ya mwisho, hata kama muuzaji anaahidi kesho.

Na ukiwa wewe ndiye muuzaji, tunza risiti ya basi au ya posta mpaka muda wa mnunuzi wako uishe. Siku hiyo ikipita bila dai, ndipo uweze kuzihesabu fedha kuwa ni zako.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne