Mnunuzi Anapokamatwa na Kitu cha Wizi

Kijana anauza simu mkononi kando ya soko kuu la Butembo, mashariki mwa Kongo. Bei ni nzuri, mnunuzi analipa, anaweka laini yake na kuendelea na kazi. Wiki chache baadaye mwenye simu wa kwanza anaitambua, polisi wanaitwa, na usiku huo mnunuzi analala kasho, selo ya polisi. Asubuhi hakuna anayemuuliza alinunua kwa nani. Anaulizwa ana dola ngapi. Akitoa, anafunguliwa mlango. Simu inabaki mezani kwa OPJ, ofisa wa polisi wa upelelezi, na kijana aliyeiuza hatafutwi na mtu. Mambo hayo hayo hutokea kwa moto, yaani pikipiki, isiyo na karatasi, na huko Beni kwa gunia la kakao. Yamerudiwa mara nyingi hadi watu wengi wanaamini ndivyo sheria inavyosema. Sheria haisemi hivyo.

Kosa ambalo watu wa parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, wanaliita recel, yaani kupokea au kuficha mali iliyopatikana kwa uhalifu wa mtu mwingine, limo katika kifungu cha 101 cha Kanuni ya Adhabu, dekreti ya tarehe 30 Januari 1940. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 5 na faini, au kimojawapo kati ya hivyo viwili. Ili mtu ahukumiwe, mambo matatu lazima yathibitishwe: kwamba kitu hicho kilitokana na wizi au uhalifu mwingine, kwamba mshitakiwa alikuwa nacho, na kwamba alijua kilikotoka. Mawili ya kwanza ni mepesi. Kesi huangukia kwenye la tatu, na la tatu ndilo linalorukwa kule kasho.

Mnunuzi anaambiwa: "Thibitisha kwamba hukujua." Huo ni mtego. Kifungu cha 17 cha Katiba ya mwaka 2006 kinasema kila mshitakiwa huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho, kwa hiyo mzigo wa kuthibitisha uko kwa mwendesha mashtaka. Ni kweli jaji hawezi kuingia moyoni mwa mtu; anatazama mazingira. Kitu kilinunuliwa saa ngapi, wapi, kwa bei gani, na muuzaji alikuwa mtu wa namna gani?

Kakao inaonyesha jambo hili vizuri kuliko simu. Tangu mauaji yaanze Beni mwezi Oktoba 2014, wakulima wengi wa pande za Mbau, Oicha na Eringeti wamekimbia mashamba, na wengine wanavuna wasichopanda. Bei ya kakao duniani ilipopita dola 10,000 kwa tani mwaka 2024, tamaa iliongezeka. Sasa, mkulima halisi huchachusha mbegu zake kwa siku kadhaa chini ya majani ya mgomba, kisha huzianika juani mpaka zikauke. Mwizi hana nafasi hiyo. Anauza mbichi, mbegu bado zina ute mweupe, gunia linadondosha maji, mara nyingi giza likiwa limeingia. Mnunuzi anayepokea gunia la namna hiyo kwa nusu ya bei, kutoka kwa mtu asiyemjua, atapata shida kumwambia jaji kwamba hakushuku kitu. Lakini aliyenunua kakao kavu mchana, kwenye depo inayojulikana, akaandika jina la muuzaji na uzito katika daftari, huyo ni shahidi. Kumtia kasho ni dhuluma.

Ndiyo maana karatasi ndogo ina nguvu kubwa. Kwa simu, inatosha kuandika jina la muuzaji, namba yake, bei, tarehe, na tarakimu 15 za IMEI zinazojitokeza mtu akibonyeza *#06#. Kwa moto, namba ya shasi iliyochongwa kwenye chuma cha shingo, chini ya usukani, ilinganishwe na ile ya kwenye karatasi kabla ya pesa kutoka mfukoni. Wataximani wengi wa moto hutazama injini na matairi tu, na hilo limewagharimu sana.

Akishakamatwa, saa zinaanza kuhesabiwa. Kifungu cha 18 cha Katiba kinataka aambiwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, kwa nini amekamatwa, na aruhusiwe kuwasiliana na familia au wakili wake. Polisi hawana ruhusa ya kumshikilia zaidi ya saa 48. Zikiisha, aachiwe au apelekwe mbele ya mamlaka ya mahakama. Mke, ndugu au mtoto asikamatwe badala yake, kwa sababu kosa ni la mtu binafsi. OPJ anayemlaza kasho mama wa mtuhumiwa "mpaka mwanao arudi" anavunja Katiba, hata akivaa sare iliyopigwa pasi.

Pesa zinazodaiwa pale zinafichwa nyuma ya neno zuri: amande, yaani faini. Faini ya maafikiano kweli ipo katika Kanuni ya Mwenendo wa Jinai ya mwaka 1959. OPJ anaweza kuipendekeza akiona kwamba mahakama ingetoa faini tu, na haiwezi kupita faini ya juu kabisa iliyowekwa na sheria. Lakini pesa hizo ni za hazina ya Serikali, na aliyelipa lazima apewe risiti. Zisipokuwa na risiti, ni rushwa, na aliyezitoa hana chochote cha kuonyesha siku atakapoitwa tena kwa jambo lile lile. Na anaitwa! Dosiye ambayo haikuandikwa haiwezi kufungwa.

Kwa hiyo familia yenye busara hudai vitu viwili kabla ya kuzungumza lolote. Cha kwanza ni PV, hati ya kukamata kitu, inayotaja alama na namba zake, ili simu au moto isije ikageuka mali ya ofisi. Cha pili ni jina la muuzaji kuandikwa katika maelezo ya mnunuzi. Kabla ya kutia sahihi, maelezo yasomwe kwa Kiswahili au Kinande. Watu wengi wameweka kidole chini ya Kifaransa wasichokielewa, wakakuta baadaye wamekiri kwamba "walijua".

Kwa adhabu yake ya miaka 5, kesi hii kwa kawaida ni ya mahakama ya amani, Tripaix. Lakini Kivu ya Kaskazini ina hadithi yake. Tangu tarehe 6 Mei 2021, hali ya kuzingirwa (état de siège) ilipoanza, kesi za jinai za raia zilihamishiwa mahakama za kijeshi, na mnunuzi wa simu akajikuta mbele ya oditora, ofisi ya mashtaka ya kijeshi, sawa na mshukiwa wa uasi. Amnesty International ililalamikia jambo hilo mwaka 2022, na ilikuwa na haki. Oktoba 2023 Rais Félix Tshisekedi alitangaza kuilegeza hali hiyo hatua kwa hatua, lakini mpaka leo swali la kwanza la kuuliza ni hili: dosiye iko parke au oditora? Popote iwapo, kifungu cha 61 cha Katiba kinakataza kugusa haki ya kujitetea hata wakati wa dharura, na kifungu cha 156 kinasema haki ya kukata rufaa haisimamishwi.

Katiba inasema pia kwamba uhuru ndio kanuni na kifungo ni hali ya kipekee. Huku Beni na Butembo maneno hayo ni suala la uhai. Gereza la Kangbayi huko Beni lilivamiwa mwezi Juni 2017 na tena Oktoba 2020, ambapo wafungwa zaidi ya 1,300 walitoroka. Lile la Kakwangura huko Butembo lilivamiwa Agosti 2022. Hakimu anayemsukuma humo mtu mwenye makazi na kazi inayojulikana, kwa simu ya dola 60, anamweka mahali pa hatari bila sababu. Uhuru wa muda unaweza kuombwa, na dhamana ikidaiwa huwekwa kwa karani wa mahakama kwa risiti, na hurudishwa mtu akiitikia miito yote.

Kasoro nyingine ni ya sheria yenyewe. Kifungu cha 101 ni cha enzi za Wabelgiji, na maneno yake hayamtengi mama aliyenunua simu moja na tajiri mwenye depo anayewatuma vijana mashambani usiku. Wote wanatishwa kwa miaka ile ile 5, sawa na mwizi wa kawaida. Tajiri analipa na kurudi kazini. Mama anauza mbuzi. Bunge lingeandika wazi neno "akijua" katika kifungu hicho na kuweka adhabu kali zaidi kwa anayefanya upokeaji kuwa biashara, OPJ wangepoteza nafasi kubwa ya kutisha watu.

Mwenye kitu naye ana haki zake. Sheria inampa miaka 3 tangu siku ya wizi kukidai kutoka kwa yeyote atakayemkuta nacho. Ila mnunuzi akiwa alikinunua kwa nia njema sokoni, au kwa mfanyabiashara anayeuza vitu vya aina hiyo, mwenyewe hurudishiwa kwa kumlipa mnunuzi bei aliyotoa. Ni wachache sana wanaoidai bei hiyo, kwa sababu hawajawahi kuambiwa kwamba ipo. Inaombwa mbele ya jaji, mnunuzi akiwa na karatasi yake ya mauzo mkononi. Hukumu isipomridhisha, ana siku 10 tangu isomwe za kuandikisha rufaa kwa karani.