Makapi ya Miwa Kabla Hayajawa Mafuta

Muuza maji ya miwa wa Forodhani, Unguja, huupitisha muwa kwenye mashine, akaukunja na ndimu na tangawizi, akaurudisha tena mpaka hautoi tone. Makapi yanayotupwa bado yana sukari, ila hamira haiwezi kuila: imefungwa ndani ya selulosi, ambayo ni karibu asilimia 40 ya makapi makavu, na selulosi yenyewe imeshikwa na lignini, gundi inayoupa mmea ugumu. Anayetaka ethanoli ya jiko lazima kwanza ailegeze gundi hiyo.

Anza kwa kuyaanika. Makapi mabichi huchacha upesi, na sukari ikapotea bure. Yakikauka, yakatekate madogo madogo. Viwandani hupikwa kwa mvuke wa nyuzijoto 160 hadi 240, kisha presha huachiwa ghafla yakapasuka, au hupikwa kwa asidi ya salfa iliyozimuliwa. Hizo si kazi za uani. Hata kiwandani, joto likizidi sukari hugeuka furfurali, ambayo ni sumu kwa hamira.

Kikundi kidogo kitafute chokaa iliyozimwa, na Unguja chokaa si ngeni. Mji Mkongwe umesimama juu yake. Gramu 100 hivi kwa kilo moja ya makapi makavu, pamoja na maji ya kuyalowesha. Yakichemshwa huchukua saa kadhaa. Yakiwekwa kwenye joto la nyuzi 55, hewa ikipita, ni wiki kadhaa. Vaa glavu na miwani. Mwisho suuza mpaka karatasi nyekundu ya litmasi isigeuke buluu, ndipo vimeng'enya vya kuivunja selulosi iwe sukari, na hamira, vifuate.

Je, makumbi ya nazi? Kina mama wa Jambiani huyafukia pwani kwa miezi, kisha huyaponda wakapata usumba wa kamba. Lakini vijidudu vya pwani hula zaidi pektini. Lignini hubaki, na ndiyo inayoifanya kamba istahimili maji ya chumvi. Kwa ethanoli ni mzigo. Makumbi yaachiwe kamba na jiko.

Piga hesabu kabla ya kununua pipa. Selulosi ya kilo 100 za makapi makavu haiwezi kutoa zaidi ya lita 28 hivi, na kwa vitendo hupungua. Molasesi, inayobaki kwenye viwanda vya sukari kama cha Mahonda, haihitaji chokaa wala vimeng'enya. Ukiipata kwa bei nzuri, anza nayo. Na kibali cha kutonesha kiombwe mapema. Ethanoli hii ni ya jiko, hainywewi.