SOMO LA HESABU: TUNUNUE SAA GANI YA KUPIMIA JUA?

Tuseme sisi hapa Kanazi tunasimika kijiti uwanjani. Tunataka kuandika kila siku jua linapofika katikati. Fedha ya saa ni jasho la kahawa, basi tusikurupuke dukani.

Kwanza tufanye hesabu. Saa za Tanzania zinafuata jua la mstari wa ramani wa digrii 45 mashariki, unaopita karibu na Mogadishu. Kanazi iko karibu digrii 32. Tofauti ni 13. Kila digrii ni dakika 4, kwa hiyo 13 × 4 = 52. Ndiyo maana saa 6 mchana jua letu bado halijafika. Kwa wastani hufika saa 6 na dakika 52. Mwanzo wa Novemba huwahi, kama saa 6 na dakika 36. Katikati ya Februari huchelewa mpaka saa 7 na dakika 6 hivi.

Sasa saa. Ile ya kutia ufunguo inaweza kupoteza dakika nzima kwa siku. Ya betri ina kijiwe kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Hiyo mara nyingi hukosea kama nusu dakika kwa mwezi. Kipo pia kifaa cha GPS kinachopokea saa ya setilaiti. Hicho hakikosei hata sehemu ya milioni ya sekunde, ila antena yake lazima ione mbingu. Chini ya bati, hakuna kitu!

Je, tununue GPS? Kwa kijiti, hapana. Ukingo wa kivuli una ukungu, maana jua lenyewe ni pana: linachukua kama dakika 2 kupita upana wake. Saa ya betri yenye mshale wa sekunde inatosha kabisa.

Ukishainunua, ilinganishe na simu inayojirekebisha kwa mtandao. Fanya hivyo kila jioni kwa wiki moja, uandike. Inayochelewa sekunde 3 kila siku bila kubadilika ni nzuri, kwani unajumlisha tu. Ya kukataa ni ile ya leo sekunde 1, kesho 9, keshokutwa imetangulia.

Zoezi: Dar es Salaam iko karibu digrii 39. Kwa wastani jua hufika katikati huko saa ngapi?